Uvimbe Ambao Haukuwa Kwenye Kadi

Dada yangu alikuwa mgonjwa kwa kazi. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kulala kitandani katika chuo cha udaktari na kuumwa mbele ya wanafunzi, ili wajifunze kuuliza, kusikiliza na kushika mtu. Asubuhi anaumwa kidole tumbo, saa nne anaumwa figo, mchana ana pumu, na ikifika saa tisa anavaa viatu vyake mzima kama mimi na wewe, tunarudi nyumbani kumenya viazi. Watu wakimwuliza anafanya kazi gani alijibu, "Naumwa." Wakianza kumwonea huruma aliwaacha waendelee mpaka wachoke.

Mimi ni mdogo wake, na ni mtunza vyumba hivyo vya mazoezi. Natandika shuka, naweka glovu na sabuni, napiga kengele kila baada ya dakika kumi, nawafukuza wanaochelewa kutoka. Mimi ndiye niliyempeleka pale baada ya mumewe kufariki, alipokaa miezi nyumbani akitazama ukuta. Hawakuwa wamejaliwa mtoto, na nyumba ilikuwa kimya mno. Nilimwambia, "Twende ukalie huko, wanatafuta watu wanaojua kulia." Siku ya kwanza alilia vizuri kiasi kwamba mwanafunzi aliyekuwa akimpima naye alianza kulia, ikabidi niwagawie wote wawili karatasi za kufutia makamasi. Tangu siku hiyo wakamwita Mama Maumivu. Mimi wakaniita Mama Mdogo, na nikikasirika, jambo ambalo si nadra, hawaniiti kitu, wanapita kimya wakitazama sakafu.

Sasa niwaeleze habari ya kadi, maana bila kadi hamtanielewa. Kila mgonjwa wa mazoezi hupewa kadi inayosema anaumwa nini, tangu lini, akibonyezwa wapi aruke na akibonyezwa wapi atulie. Kanuni ya vyumba vyetu ni moja: kisichomo kwenye kadi hakipo. Kadi ikisema una watoto sita, una watoto sita, na dada aliwataja wote kwa umri bila kukosea. Siku moja nyuki alimuuma mguuni katikati ya mtihani. Kadi ilisema miguu haina shida, basi akamwambia mwanafunzi, "Miguu haina shida, daktari," huku machozi yakimtoka. Nilitamani kumzaba kibao. Kuna njia ya kujitoa: mgonjwa akipatwa na jambo la kweli anasema "natoka kwenye kadi," na kila kitu kinasimama papo hapo. Wenzake waliyasema maneno hayo hata kwa kubanwa na mkojo. Dada hakuyasema hata mara moja, na alijivunia.

Wanafunzi aliwapenda wote, lakini kulikuwa na binti mmoja, mdogo wa umbo, mwenye haya, ambaye mara ya kwanza alipoweka mikono kwenye tumbo la dada, dada alishtuka akakaa. Mikono ilikuwa ya barafu. "Mwanangu," akamwambia, "mimi ni mgonjwa, bado sijawa maiti. Isugue hiyo mikono kwanza." Darasa zima lilivunjika mbavu. Binti akasugua, na kuanzia hapo hakuwahi kumgusa mtu kabla ya kusugua mikono yake mpaka ipate moto. Jina likamganda: Mikono Baridi. Alipokuwa hana kipindi alikuja kukaa na dada chumbani, wakapiga soga. "Nimezaa madaktari mia nne," dada alimwambia, "na hakuna hata mmoja anayenipigia simu." Binti akaandika namba yake kwenye mkono wa dada kwa kalamu ya wino.

Kisha ikaja mashine. Mwalimu wetu, mkuu wa vyumba vya mazoezi, ni mtu mwenye akili na asiye na makuu, na simsemi vibaya. Alitukusanya akatueleza kwamba wanafunzi hawa watafanya kazi na akili mnemba maisha yao yote, kwa hiyo ni lazima waanze kuizoea hapa, wangali wanafunzi. Nilimwuliza kama hiyo akili mnemba itatandika shuka. Akasema hapana. Nikamwambia basi na ije, mimi sina ugomvi nayo.

Wakafunga kamera kwenye dari ya kila chumba, na kila mwanafunzi akapewa tableti. Mashine ilisikiliza maswali yao, ilitazama mikono yao, ilipendekeza ugonjwa, na mwisho ililinganisha walichosema na kadi, ikatoa alama. Sitaidhulumu, ilikuwa na mazuri yake. Kuna kijana mmoja mjuaji, hakumwacha mgonjwa amalize sentensi tangu mwaka wa kwanza, na sisi tulimsema mpaka tukachoka. Mashine ikamwandikia: "Umemkatiza mgonjwa mara kumi na nne." Dada alipiga makofi akiwa kitandani.

Ila mwalimu aliogopa jambo moja, na alilisema wazi. "Sitaki wawe watu wa kuitikia kila mashine inachosema," alituambia. "Nataka wajue kuiambia: hapa umekosea. Wasipojifunza kwetu watajifunzia wapi?" Kwa hiyo akaagiza kiwekwe kitufe cha Pinga. Mwanafunzi asipokubaliana na mashine anakibonyeza, na swali linakwenda kwa binadamu mwenye macho na mikono, aende akahakikishe. Binadamu huyo nilikuwa mimi. "Mama Mdogo ndiye mwamuzi," alisema mbele ya wote, na nikapewa tableti yangu. Nilijiona mtu siku hiyo. Nilifika nyumbani nikamwamuru dada aninyamazie, mwamuzi anapumzika.

Jamani, mwanafunzi si mtu wa kupewa kitufe. Walipinga kila kitu. Mmoja alipinga kwamba kengele ililia mapema. Mwingine alipinga kwamba Mama Maumivu alimtazama vibaya, akapoteza mwelekeo. Ilifika siku napokea pingamizi kumi na moja kabla ya saa sita, na zote upuuzi mtupu. Mwanzoni nilikuwa naingia chumbani kuhakikisha. Baadaye nikawa najibu nikiwa nimesimama mlangoni, na baadaye zaidi nikawa najibu bila kusoma hadi mwisho.

Siku ya mtihani wa mwaka wa nne, kadi ya dada ilikuwa ya vidonda vya tumbo. Maumivu juu, chini ya kifua. Sehemu nyingine za tumbo laini, hakuna maumivu, hakuna uvimbe. Wanafunzi walikuwa ishirini na wawili, na Mikono Baridi alikuwa wa kumi na nne. Mlango ulikuwa wazi nusu, namwona. Aliuliza maswali yake vizuri, akasugua mikono, akaanza kubonyeza kuanzia juu. Alipofika chini, upande wa kulia, akasimama. Akaenda kwingine, akarudi palepale.

"Mama, umewahi kuona uvimbe hapa?"

Dada alichelewa kidogo kujibu. "Hapana, daktari."

"Hapa ninapobonyeza. Huusikii?"

"Hapana, daktari."

Nikapiga kengele. Binti akatoka, akasimama ukutani, akaiambia tableti yake alichokuta: kitu kigumu, ukubwa wa ndimu, tumboni kulia, chini. Mashine ikamjibu kwamba mgonjwa huyu hana uvimbe, kwamba ameripoti dalili isiyokuwepo, na kwamba amepunguziwa alama tatu. Akabonyeza Pinga. Tableti yangu ikalia. Swali lilikuwa fupi: "Je, mgonjwa ana uvimbe tumboni, kulia, chini? Ndiyo. Hapana."

Kutoka pale mlangoni hadi kitanda cha dada yangu ni hatua sita. Nimezipima baadaye, tena na tena. Siku ile foleni ilikuwa ndefu, wanane bado wananisubiri, wa kumi na tano ameshaweka mguu mlangoni. Na nitasema lililokuwa kichwani mwangu, maana hata mimi nimelichunguza sana. Nilijiambia: huyu ni dada yangu. Tumelala kitanda kimoja utotoni, tunakula meza moja kila siku, kama ana uvimbe mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kujua. Nikabonyeza Hapana.

Binti aliona jibu likitokea kwenye tableti yake. Akanitazama. "Mama Mdogo," akasema taratibu, "nilisugua mikono kwanza."

"Mwanangu, kadi imesema hakuna," nikamwambia. "Usijitafutie makuu siku ya mtihani. Nenda chumba kinachofuata."

Akaenda. Nilimwona akifuta macho kwa mkono wa koti, na nikaona ananichelewesha.

Kila mtihani ukiisha, wagonjwa wa mazoezi hupewa karatasi yenye alama na maoni ya wanafunzi waliowapima. Dada alizipenda karatasi hizo, alizisoma kama barua. Ile ya siku hiyo aliisoma amesimama, akairudia, akaikunja mara nne akaitia kwenye pochi yake. Tukiwa njiani kurudi alisema, "Yule binti atakuwa daktari mzuri." Nikamjibu, "Akiacha ubishi." 

Miezi ikapita. Dada akaanza kuchoka. Ngazi za chuo ambazo alizipanda huku anaimba akawa anazipanda kwa kupumzika. Magauni yakampwaya. Akawa anakula vijiko viwili anasukuma sahani, na mimi, na ulimi wangu huu, nikawa namtania: "Leo umepewa kadi gani? Mbona umeileta kazi nyumbani?" Naye anajibu, "Kadi ya uchovu, daktari." Tulicheka. Mungu anisamehe, tulicheka miezi mingi.

Mwezi wa kumi na moja tangu mtihani ule, alianguka koridoni kati ya chumba cha tatu na cha nne. Alianguka vibaya, kichwa kikagonga ukuta. Wanafunzi walikuwa wengi pale, na hakuna aliyekimbia. Mmoja alisema, "Mama Maumivu leo ametia fora." Wawili wakapiga makofi. Walikuwa wamezoea kumwona akizimia, walingoja ainuke awaulize nani amekumbuka kumshika mshipa. Mimi nilitoka chumba cha pili nimebeba shuka, nikaona wanatabasamu wamemzunguka. Nilipiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi. Ndipo wakaelewa, na maskini wale watoto, nyuso zao sitazisahau.

Hospitali ya mafunzo iko ng'ambo ya uwanja. Damu ilikuwa imemwishia mwilini. Wakampiga picha, na daktari wa upasuaji, ambaye naye aliwahi kumpima dada figo za uongo miaka hiyo, akaniita pembeni. Ni kansa ya utumbo mkubwa, ilianzia chini kulia, imeshafika kwenye ini. Nikamwuliza kama watampasua. Akasema mwaka mmoja nyuma wangeondoa kipande wakaunga, pengine angerudi kazini. Sasa hapana. Alilia yule mwanamume, na mimi nilimwangalia tu, sikuwa na hata chozi, nilikuwa nahesabu miezi kwa vidole.

Wiki ya tatu ya kulazwa kwake, mwalimu alikuja wodini na kundi la mwaka wa tano, kila mmoja na tableti yake. Mikono Baridi alikuwa nyuma kabisa. Dada alimwona, akamwita kwa kidole. Mwalimu akamwambia binti ampime mgonjwa, aseme anakuta nini.

Binti alisogea, akasugua mikono. Aliisugua kwa muda mrefu, zaidi ya inavyohitajika, na hakumgusa. "Mwalimu," akasema, "mashine imeshaandika kila kitu. Mahali, ukubwa, yote yamo."

"Nimekuuliza wewe," mwalimu akasema.

Ndipo akapasuka. Alisema tangu mtihani ule wa mwaka wa nne akigusa kitu hasemi. Anasubiri mashine iseme kwanza, ndipo naye anasema amekikuta. Anapata alama nzuri sana, alisema, hajawahi kupata alama nzuri kama hizo. Wenzake walikuwa wanatazama miguu yao. Mwalimu alivua miwani na hakuifuta, aliishika tu mkononi.

Dada akainua mkono mmoja kutoka kwenye shuka. Sauti ilikuwa imebaki ndogo, lakini wote tulimsikia.

"Natoka kwenye kadi," alisema.

Kila mtu akasimama alipokuwa. Hata muuguzi aliyekuwa anapita akasimama.

"Siku ile uliniuliza kama nimewahi kuona uvimbe hapa. Nilikwambia hapana. Nilikuwa nimeuona, mwanangu, siku chache kabla, nikioga. Ulikuwepo. Mikono yako haikukosea, mimi ndiye niliyekudanganya kwa sababu kadi ilisema hapana. Usiiache siku ile ikufunge mdomo tena."

Binti alipiga magoti pembeni ya kitanda, akaweka uso wake kwenye shuka. Dada akamshika kichwa mpaka mwalimu alipowaondoa wengine.

Tulipobaki wawili, hasira zikanipanda. Ndivyo nilivyo, uchungu ukinishika hutoka kwa mlango wa hasira. Nikamwambia, "Kumbe ulikuwa unajua? Ulijua ukanyamaza mwaka mzima, tunakaa nyumba moja? Kwa nini hukuniambia?"

 Alinionyesha pochi yake juu ya kabati. Niliifungua, nikaikuta karatasi ile imekunjwa mara nne, mikunjo imeshaanza kuchanika. Karibu na mwisho iliandikwa: "Mwanafunzi wa kumi na nne. Pingamizi: uvimbe, kulia, chini. Limehakikishwa na mtunza chumba. Hakuna uvimbe."

"Nilikuwa naogopa," dada akasema. "Binti alipougusa pale, nikasema basi, nikitoka hapa namwambia mdogo wangu, twende nikapimwe. Halafu nikaletewa karatasi. Nikaona ni wewe umesema hakuna. Nikajua huwezi kuandika hivyo bila kuhakikisha. Nilifikiri labda zile kamera za darini zinaona mpaka ndani, wamekuonyesha. Nilifurahi, mdogo wangu. Mtu akiletewa habari anayoitaka haulizi mara mbili."

Nilikaa chini. Si kwenye kiti, sakafuni. Nikamwambia ukweli, kwamba sikumshika, sikuonyeshwa kitu, zilikuwa hatua sita na sikuzipiga. Nilibonyeza tu. Nilimwambia nikitazama magurudumu ya kitanda, maana uso wake sikuuweza.

Dada akaivuta shuka pembeni.

"Basi nishike sasa," alisema.

"Dada."

"Nishike. Wote wamenishika isipokuwa wewe."

Nikainuka. Nikaweka mkono kwenye kiganja chake, ulikuwa baridi. "Sugua kwanza," akasema, na nikaona kitabasamu kidogo. Nikasugua. Akauchukua mkono wangu mwenyewe, akauweka chini, upande wa kulia. Sikuhitaji kubonyeza. Haukuwa tena wa ukubwa wa ndimu.

"Upo?" akaniuliza.

"Upo, dada."

"Basi kaandike."

Alifariki Alhamisi ya wiki iliyofuata, mchana, wakati wa kupiga kengele. Wanafunzi walimzika na sisi, walijaa mpaka barabarani, na Mikono Baridi alisimama upande wangu akanishika kiwiko muda wote. Mwalimu alimrudishia alama zake tatu. Alizikataa, akaambiwa hazikataliki, zimeshaingia. Kanuni nazo zimebadilika: sasa mgonjwa wa mazoezi anapimwa kwanza yeye mwenyewe, kwa kweli, kabla ya kupewa kadi. Mwalimu ameniomba nisimame mbele ya wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza niwaeleze habari hii, anasema hilo litawaandaa kuliko mhadhara. Nimekubali. Bado sijaweza kuimaliza mbele ya mtu bila kutoka nje.

Siku niliyorudi kazini nilifanya alichoniambia. Niliwasha tableti, nikatafuta mtihani ule, mwanafunzi wa kumi na nne, nikalikuta swali lenyewe. Nikabonyeza Ndiyo. Maandishi yakatokea: "Swali hili limeshajibiwa na limefungwa." Nilimwendea mwalimu, mwalimu akawapigia waliotuletea mashine, wakasema jibu la mwamuzi halibadiliki, ndivyo ilivyoundwa, ili watu wasichezee matokeo. Bado nakwenda kulifungua, siku nyingine kabla hata sijatandika shuka. Nabonyeza Ndiyo. Chini yake linabaki jibu langu lilelile, Hapana, na tarehe, na saa.